Nembo ya biashara: anza na pale itakapochapwa vibaya zaidi

Mteja akija kutaka nembo, mara nyingi huwa tayari anayo picha kichwani, na picha yenyewe imejaa. "Kaka, niwekee Kilimanjaro kwa nyuma, mti wa mgunga, jua linazama, halafu nyuki wawili wanatoka kwenye ua." Kwenye kompyuta picha hiyo yaweza kupendeza kweli. Kazi huja siku ya kutengeneza mhuri. Mhuri una upana wa sentimita tatu, wino wake ni mmoja, na anayeugonga ana foleni mbele yake. Mlima, mgunga na nyuki vyote vinatoka doa moja la bluu.

Ndiyo maana hapa tunaanzia mwisho. Kwanza mhuri, risiti, kofia na ukuta wa duka, kuchora kutafuata. Hatua hizi zinakufaa ukichora mwenyewe, na zinakufaa pia ukimlipa mbunifu, kwa sababu utajua cha kumdai.

Tutakwenda na mfano mmoja: mfungashaji wa asali ya Tabora anayeiuza Dar es Salaam kwenye chupa za gramu 500. Tumpe jina la kubuni, Masega.

Nembo hutambulisha, haielezi

Fundi ujenzi akimtuma kibarua dukani humwambia tu, "Leta Simba mifuko kumi." Tanzania kuna saruji ya Twiga kutoka Wazo Hill, Dar es Salaam, kuna Simba ya Tanga na Tembo ya Mbeya. Wanyama wote watatu hawana habari na saruji, na hakuna anayepotea. Twiga yuko pia kwenye mkia wa ndege za Air Tanzania, wala abiria haulizi kama twiga anaruka.

Kwa hiyo nembo haina deni la kueleza unachouza. Kueleza ni kazi ya lebo, ya bango, ya muuzaji na ya tangazo. Nembo inatakiwa mtu aliyeiona jana aijue leo, basi. Ukishalikubali hilo, nusu ya vitu ulivyotaka kuvibana mle ndani vinatoka vyenyewe bila ugomvi.

Hatua ya 1: Andika kila mahali nembo itakapokaa

Chukua karatasi uorodheshe kila kitu kitakachobeba nembo ndani ya miaka miwili ijayo. Kwa Masega ni lebo ya chupa, boksi la kusafirishia, mhuri wa ankara, picha ya WhatsApp, Instagram, aproni ya muuzaji, bango la dukani na boksi la nyuma ya pikipiki. Pembeni ya kila kimoja andika ukubwa wake kwa sentimita na idadi ya rangi zinazowezekana. Inachosha kidogo, lakini karatasi hii ndiyo itakayoamua mabishano yote ya baadaye.

Risiti ya mashine ya EFD huchapwa kwa joto, nyeusi tupu. Kijivu hakipo; ukikitaka, mashine inakupa vitone. Fulana za skrini zina hesabu yake: kila rangi ina skrini yake na hupigwa peke yake. Rangi tatu ni skrini tatu, na kitambaa kikisogea kidogo tu, rangi ya pili inapanda juu ya ya kwanza. Siku hizi uchapaji wa DTF, ambao picha huchapwa kwanza kwenye filamu kisha ikahamishiwa kwenye kitambaa kwa joto, unatoa rangi zote kwa mkupuo mmoja na kwa fulana chache unafaa sana, ila oda ikiwa kubwa mahesabu hurudi kwenye skrini. Kudarizi kofia au aproni ni shauri jingine: uzi una unene, na herufi zenye kimo kisichofika milimita 5 huziba matumbo. "A" inakuwa pembetatu, "e" inakuwa kitone.

Chupa nayo ina mtego ambao wengi hawauoni mpaka lebo zimeshachapwa. Chupa ya duara yenye mzunguko wa sentimita 24 humwonyesha mtu aliyesimama mbele ya rafu kama sentimita 8 tu bila kupinda. Nembo pana ya sentimita 12 itasomeka "ASEG" huku herufi za pembeni zikizunguka kuelekea mgongoni. Kwenye WhatsApp picha hukatwa duara, pembe zote nne zinaondoka, na kwenye orodha ya chati upana wake hauzidi sentimita moja hivi.

Halafu kuna fundi wa mabango, yule anayechora ukutani kwa mkono. Usimdharau, maana bango lake litaonwa na watu wengi kuliko ukurasa wako wa mtandaoni. Yeye huipiga picha yako miraba kwa penseli, akapiga miraba ileile ukutani kwa chaki na uzi, kisha akahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Nembo yenye mistari michache iliyonyooka na duara moja hutoka ilivyo. Yenye manyoya ya simba na vivuli vya dhahabu hutoka kama mkono wake ulivyoamka siku hiyo.

Sasa zungushia alama pale pabaya kuliko pote. Kwa Masega ni mhuri na ile picha ya WhatsApp. Nembo ikipita hapo, kwingine kote ni nafuu.

Hii si busara ya watu wasio na fedha tu. Shirika la uhifadhi la WWF lilipoanzishwa mwaka 1961, mwaka ambao panda (mnyama wa Uchina afananaye na dubu, mweusi na mweupe) aitwaye Chi-Chi alikuwa akivuta watu kwenye bustani ya wanyama ya London, waanzilishi wake walimchagua panda awe nembo yao. Peter Scott, aliyeuchora mchoro uliotumika kwanza, alieleza kwamba walitaka mnyama mzuri, anayependwa na aliye hatarini, lakini pia anayependeza kwa nyeusi na nyeupe ili kuokoa gharama za uchapaji. Panda huyo amerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na bado ana rangi moja.

Hatua ya 2: Nenda ukaisome rafu

Ingia supamaketi, simama mbele ya asali, piga picha. Ukifika nyumbani gawa karatasi safu tatu: michoro, rangi, herufi. Utakuta nyuki, pembe sita za sega, njano na kahawia, kisha nyuki tena. Kila mmoja amechora kitu cha kweli, na kwa pamoja wamefichana. Wenye kampuni za utalii wana ugonjwa huohuo wa mgunga na jua. Wenye mafuta ya nywele wana ule wa uso wa dada mwenye nywele zinazopepea. Wenye vipodozi vya asili wote wana jani.

Tafuta kisichokuwepo kwenye rafu lakini kina ukweli kwako. Asali ya Tabora hutoka kwenye misitu ya miombo, na warinaji wengi bado hutundika mizinga ya magogo na magome juu ya miti. Ukiutazama mzinga wa gogo kwa mbele ni duara, na kwenye duara hilo kuna tundu dogo la nyuki kupitia. Duara lenye tundu: linaingia kwenye mhuri, linaingia kwenye WhatsApp bila kukatwa chochote, na fundi wa mabango anaweza kulichora kwa kamba na msumari.

Kuna vitu vya kuviacha kabisa. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Si pambo la duka la dawa wala la zahanati binafsi, hata kama umeuona kwenye maduka mengi. Nembo ya Taifa usiiguse. Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, huwekwa na aliyepewa leseni ya kuitumia, tena huwekwa kama alama ya TBS, si kama sehemu ya mchoro wako.

Hatua ya 3: Amua kama unahitaji mchoro kabisa

Biashara nyingi ndogo hazihitaji. Jina lililoandikwa vizuri kwa herufi zilizochaguliwa kwa makini linatosha, na lina faida moja kubwa: mteja anajifunza jina na sura kwa wakati mmoja. Mchoro unafaa pale jina linapokuwa refu, au pale ambapo kuna mahali padogo pa duara pa kujazwa kila siku.

Majina yetu ni marefu. "Mama Fulani Food Products and General Supplies" haliwezi kuingia kwenye kofia. Hilo jina libaki kwenye leseni na ankara. Kwenye nembo chukua neno moja ambalo wateja wanalitamka. Herufi za mwanzo, M.F.F.P. na kadhalika, ziache kwa mashirika makubwa yenye fedha za kuzirudia redioni mpaka watu wazishike.

Masega ni jina fupi, lakini WhatsApp na mhuri vinadai duara. Tutakuwa na vyote viwili, mchoro na jina, na kila kimoja kiweze kusimama bila mwenzake.

Hatua ya 4: Chora kwa penseli, kidogo na kwa nyeusi

Chora miraba ya sentimita tatu kwenye karatasi na ujaze kila mmoja wazo lake. Sentimita tatu zinakunyima nafasi ya mapambo, na hiyo ndiyo faida. Usifungue kompyuta bado. Programu zina vivuli, mng'ao na rangi za kuyeyukiana, na vitu hivyo vinaweza kulifanya wazo bovu lionekane limeiva.

Kwenye mfano wetu duara lenye tundu katikati linaleta shida mapema: mtu akiliona anasema ni jicho, au spika. Sogeza tundu chini, jicho linapungua lakini linabaki. Ongeza mstari mnene wa kulala juu ya duara, na vijiti viwili vifupi vya kulitundikia, na sasa kuna tawi na kitu kinachoning'inia. Jicho limeondoka. Umeongeza vitu vitatu tu, vyote vinene kiasi cha kuonekana kwenye mhuri. Kipimo changu ni hiki: mstari mwembamba kuliko yote, nembo ikiwa na upana wa sentimita mbili, usiwe chini ya nusu milimita. Nafasi nyeupe kati ya mistari nayo ifike hapo, kwa sababu wino hutanuka na kuijaza.

Hatua ya 5: Herufi

Hapa ndipo nembo nyingi za mtaani zinapoharibikia, kuliko hata kwenye mchoro. Aina moja ya herufi inatosha, ya pili iwe na sababu, ya tatu iwe imekatazwa.

Liandike jina kwa herufi ndogo, kisha kwa kubwa, uone tofauti. Kwenye "masega" ile "g" inashuka chini ya mstari na kuvuta jicho. Ukiandika maneno mengine chini yake, tuseme "asali ya Tabora", mkia wa "g" unayagonga. Kwenye "MASEGA" herufi zote zina kimo kimoja na jina linakuwa ubao mnene unaokaa vizuri chini ya tawi. Lakini herufi kubwa zinaleta kasoro yake. M ina ukuta ulionyooka na A imelala, kwa hiyo juu kati yao hubaki uwazi wa pembetatu. G na A vilevile. Kompyuta huzipanga kwa kipimo chake na bado jicho huona "M ASEG A". Zisogeze kwa mkono, mojamoja. Njia rahisi ya kukagua ni kuligeuza jina juu chini: ukiacha kulisoma, unaanza kuona mianya.

Herufi zenye mikia na maua ya kadi za harusi zinasomeka kwenye kadi za harusi, kwa sababu mwalikwa anakaa nayo mezani. Aliye kwenye daladala ana sekunde chache.

Angalia na leseni. Herufi nyingi za Google Fonts zina leseni huria inayoruhusu matumizi ya biashara, na zipo za kutosha. Zile ulizozipata kwenye flashi ya rafiki zina mwenyewe mahali fulani.

Hatua ya 6: Rangi, baada ya yote

Nembo ikisimama kwa nyeusi, sasa ipake. Rangi moja au mbili.

Kabla hujapenda rangi yoyote, jiulize ni ya nani tayari. Tanzania nyekundu na nyeupe ni klabu ya Simba, kijani na njano ni Yanga, na kijani na njano hiyohiyo ni rangi za CCM. Duka la vifaa vya ujenzi lenye nembo ya kijani na njano litaulizwa maswali ambayo mwenye duka hakuyatarajia, hasa wiki ya dabi na mwaka wa uchaguzi. Kampuni za simu nazo zimepaka vibanda barabara nzima. Nyekundu nyingine hapo mtu ataisoma kama wakala. Kenya kijani kimeshaliwa kiasi hicho na Safaricom na M-Pesa. Sisemi rangi hizo ni haramu, ila uzichukue ukijua unaingia kwenye nyumba yenye wenyewe.

Kisha zifikirie juu ya kitu chenyewe. Asali kwenye chupa ya kioo tayari ni rangi, na mara nyingi ni ya kahawia iliyokoza. Stika ya uwazi yenye maandishi ya kahawia itamezwa. Kinachoonekana rafuni ni chupa isiyo na jina. Masega ni afadhali iwe na lebo ya rangi ya maziwa, nembo nyeusi juu yake, na pengine rangi moja ya pili kwenye kifuniko tu. Jaribio la haraka ni kupiga picha ya chupa na kuigeuza nyeusi na nyeupe kwenye simu. Nembo ikipotea, rangi zako mbili zina uzito mmoja hata kama majina yake ni tofauti.

Usimwambie mchapaji "kijani cha kawaida." Andika namba. Kwenye skrini rangi huandikwa kwa msimbo wa RGB (mwanga mwekundu, kijani na bluu), kwenye karatasi kwa CMYK (wino nne za mchapaji), na kijani au chungwa linalowaka kwenye simu mara nyingi hufifia likichapwa, kwa sababu skrini hutoa mwanga na karatasi haitoi. Omba kipande cha majaribio kabla ya kuidhinisha lebo elfu.

Hatua ya 7: Jaribu bila kuuliza "ipi nzuri"

Kutuma michoro minne kwenye kundi la familia na kuuliza ipi nzuri ni njia ya kupata majibu saba. Shangazi anapenda ya bluu, mdogo wako anataka iwekwe nyuki, mjomba anasema zote hazina maisha. Wote wanakupenda, lakini hakuna hata mmoja aliye mbele ya rafu.

Mwonyeshe mtu nembo kwa sekunde tano, ifiche, zungumzeni habari nyingine, kisha mpe kalamu aichore. Haijalishi anachora vibaya kiasi gani; tazama alichokikumbuka. Wengi wakichora tawi na duara, umefika. Wakichora duara tu, tawi ni jembamba mno. Baada ya hapo ichape kwa ukubwa wa sentimita moja na nusu, uibandike kwenye chupa halisi na uiweke katikati ya chupa za wengine. Ichape tena, uitoe nakala ya fotokopi, kisha nakala ya nakala. Mashine mbovu ya fotokopi ni mwamuzi asiye na upendeleo.

Hatua ya 8: Faili unazotakiwa kuondoka nazo

Hili wenye biashara wengi hulijua wakati mbunifu ameshabadilisha namba ya simu. Picha ya JPG iliyotumwa WhatsApp si nembo. WhatsApp huibana, na ukiitanua kwa ajili ya bango inakuwa vijisanduku. Unachohitaji ni faili ya vekta, ambayo mistari yake imehifadhiwa kwa hesabu na haiharibiki ikitanuliwa: SVG, EPS, AI au PDF iliyotoka humo. Jihadhari, kuna wanaochukua JPG na kuiingiza ndani ya PDF. Ikuze sana kwenye skrini; kingo zikichakaa, umepewa kiini macho.

Dai haya: vekta yenye rangi, ya nyeusi tupu na ya nyeupe tupu kwa ajili ya mandhari ya giza, PNG isiyo na mandhari, umbo la mlalo na umbo la duara, jina la herufi zilizotumika, na namba za rangi. Utaratibu wa kawaida ni kulipa sehemu ya fedha mwanzoni na nyingine siku ya kupokea faili, na siku hiyohiyo msaini karatasi inayosema haki zote za mchoro zimehamia kwako. Ukichora mwenyewe, Inkscape ni programu ya bure na inatoa vekta halisi. Canva inafaa kwa mabango ya haraka, lakini mchoro uliouchukua kwenye hazina yake unaruhusiwa kwa kila mtu mwingine, kwa hiyo huwezi kuudai kuwa alama yako peke yako. Nyuki wako yumkini yuko pia kwenye asali ya jirani.

Hatua ya 9: Isajili

Kusajili jina la biashara na kusajili nembo ni vitu viwili. Cheti cha jina hakimzuii mtu kuiga mchoro wako. Tanzania Bara nembo husajiliwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kama alama ya biashara au huduma, chini ya sheria ya mwaka 1986. Maombi hufanyika kwa mtandao, na kabla ya kulipa chochote tafuta kwanza kama kuna inayofanana nayo.

Usajili huenda kwa madaraja ya bidhaa na huduma, 45 kwa jumla. Ndiyo sababu twiga anaweza kukaa kwenye saruji na kwenye ndege bila kesi: vifaa vya ujenzi visivyo vya chuma viko daraja la 19, usafiri daraja la 39. Asali iko daraja la 30, pamoja na chai, kahawa, unga na viungo. Masega ikipanga kutengeneza sabuni ya asali, hiyo ni daraja la 3, na nguo ni la 25. Kila daraja lina ada yake, kwa hiyo lipia unachouza na unachokaribia kuuza, si ndoto zote.

Usajili wa kwanza BRELA hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Haufiki Zanzibar, huko ni ofisi nyingine, BPRA, na maombi mengine. Kenya ni KIPI, kwa miaka 10, na Uganda ni URSB. Chupa za Masega zikianza kupanda boti kwenda Unguja, fomu ya BPRA itangulie.